"Binti yangu anasema naye atakuwa kama Fawad Khan"

"Assalaam aleikum mwalimu. Sisi ni Wazanzibari tunaoishi Muscat. Binti yangu ana miaka 17, na tangu mwaka jana anachoma insulini kwa ajili ya kisukari. Marafiki zake wa shule ni Wapakistani. Kwao amejifunza Kiurdu na kuzama kwenye tamthilia zao. Zindagi Gulzar Hai ameirudia hadi nyumba nzima tunayajua maneno. Sasa anasema hataki tena masomo ya sayansi, anataka kwenda Karachi au Lahore kusomea uigizaji. Kila nikimkatalia ananitolea mfano wa Fawad Khan, mwigizaji wa Pakistan: eti naye ana kisukari kama chake, eti naye aliacha kompyuta akaingia kwenye sanaa, na leo dunia inamjua. Baba yake anasema huyo bwana kafukuzwa India, kazi zake zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole, na uigizaji si kazi. Sijui nimwamini nani. Je, ni kweli ana kisukari? Maisha yake ya kazi yalikwendaje hasa? Na mwanangu nimjibu nini?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Barua yako ina maswali matatu lakini naisikia hofu moja: mtoto anayeumwa anataka kwenda mbali na macho yako, kufanya kazi usiyoijua, na shahidi wake ni mtu usiyemjua. Kwa hiyo nianze na huyo shahidi. Binti yako kachukua nusu ya habari zake, mumeo kachukua nusu nyingine, na kila mmoja anaishikilia yake kama ndiyo nzima.

La kisukari ni kweli. Fawad Khan ameeleza mwenyewe hadharani kwamba aligundulika na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 17, umri alionao binti yako leo. Hii ndiyo aina ambayo kinga ya mwili wenyewe huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haiji kwa kula halua nyingi, haiondoki kwa dawa za mizizi wala kwa kujinyima, na anayeugua hana budi kupata insulini kila siku maisha yake yote. Basi hapo mfano wa binti yako umesimama sawasawa: kijana aliyepewa habari ileile akiwa shuleni alikuja kuwa mmoja wa waigizaji wanaotambulika zaidi Asia ya Kusini. Kuna upande wa pili wa habari hiyo ambao nadhani hajakuambia. Nitaufikia.

La kuacha kompyuta ni nusu tu ya kweli. Fawad Afzal Khan alizaliwa Karachi tarehe 29 Novemba 1981, na utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kama wa watoto wenu mlio ugenini. Familia iliishi Athens, Dubai na Riyadh, na wakati wa vita vya Ghuba wakawa Manchester. Alikuwa na miaka 13 walipotulia Lahore. Huko alisomea uhandisi wa programu za kompyuta chuo kikuu, na akahitimu. Fani ile haikumshika baadaye, hilo ni kweli, lakini aliiacha akiwa na shahada mkononi. Binti yako anataka kuiacha kabla hata ya cheti cha sekondari. Hayo ni mambo mawili tofauti, na unaweza kumwambia hivyo bila kugombana.

Tena mlango aliouingilia haukuwa hata uigizaji. Akiwa kijana alionekana kwenye kichekesho kimoja cha televisheni, Jutt and Bond, lakini jina lake la mwanzo alilipata kama mwimbaji wa bendi ya roki ya Lahore iitwayo Entity Paradigm. Mwaka 2002 bendi hiyo iliingia kwenye mashindano ya televisheni yaliyodhaminiwa na kampuni ya soda, ikashika nafasi ya pili nyuma ya bendi ya Aaroh, na mwaka uliofuata ikatoa albamu. Filamu yake ya kwanza, Khuda Kay Liye ya mwongozaji Shoaib Mansoor, ilitoka mwaka 2007. Humo alipewa nafasi ya mwanamuziki kijana anayevutwa na mafundisho makali ya dini hata akauacha muziki, nafasi iliyomfaa kwa kuwa gitaa na jukwaa vilikuwa maisha yake. Filamu ilizungumzwa sana, yeye akasifiwa, na bado hakuwa nyota. Televisheni ilimshika barabara mwaka 2010 katika Dastaan, hadithi ya kugawanywa kwa Bara Hindi kuwa India na Pakistan mwaka 1947, na Humsafar iliyomtoa ilianza kuonyeshwa Septemba 2011. Mhesabie binti yako: kutoka mashindano yale ya bendi hadi Humsafar ni miaka tisa. Hakuna chuo cha uigizaji katika miaka hiyo. Kuna kuimba mbele ya watu, kuna kushika nafasi ya pili, kuna kungoja.

Nije kwa mumeo. Anasema kazi za televisheni za mtu huyu zinahesabika, na ni kweli: Dastaan, Akbari Asghari, Humsafar, Ashk, Zindagi Gulzar Hai, Numm, na vitu vichache vya hapa na pale, karibu vyote kati ya 2010 na 2013. Lakini mumeo anatumia kipimo cha pengine. Naona anafikiria zile tamthilia za India za kila jioni, zinazokwenda miaka mingi, bibi harusi wa sehemu ya kwanza akawa nyanya wa wajukuu na uso wake haujapata hata kunyanzi. Mwigizaji wa huko akipata nafasi moja anaweza kuishi ndani yake kama mtumishi wa serikali. Tamthilia ya Kiurdu ya Pakistan imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Huandikwa ili iishe.

Hili lina historia yake, na nikikueleza utaielewa kazi yenyewe. Televisheni ya taifa ya Pakistan, PTV, ilianza kurusha matangazo Lahore mwezi Novemba 1964, na kwa miongo kadhaa ilikuwa peke yake. Tamthilia ilionyeshwa mara moja kwa wiki, na mpango wa kawaida ulikuwa sehemu 13, yaani robo ya mwaka. Ndani ya kipimo hicho kidogo mwenye heshima kubwa alikuwa mwandishi. Watu wa enzi zile wakikumbuka tamthilia hutaja kwanza nani aliiandika: Haseena Moin, Ashfaq Ahmed, Bano Qudsia, Amjad Islam Amjad. Mwongozaji alifuata, waigizaji wakaja baada yake. Serikali ilipofungua milango kwa vituo binafsi kuanzia mwaka 2002, desturi hiyo haikufa. Hum TV, iliyoanza mwaka 2005, ilianzishwa na Sultana Siddiqui, mama aliyekuwa ameivishwa na PTV kama mtayarishaji na mwongozaji. Yeye ndiye aliyeiongoza Zindagi Gulzar Hai ambayo binti yako anaijua kwa moyo.

Na hadithi zenyewe zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye magazeti ya kila mwezi ya wanawake, ambayo kwao huitwa daijesti, yaliyochapisha riwaya kwa mafungu. Wasomaji walikuwa wanawake wa majumbani, wasichana wa vyuo, walimu. Umera Ahmad, aliyeiandika Zindagi Gulzar Hai, na Farhat Ishtiaq, aliyeiandika Humsafar, wametoka katika ulimwengu huo. Maana yake ni kwamba kamera ikiwashwa hadithi tayari ina mwanzo, katikati na mwisho, na maelfu ya wanawake wanajua kitakachotokea. Wanachokaa kukitazama ni namna kitakavyotokea. Kwa hiyo mwigizaji hawezi kujificha nyuma ya mshangao. Akiingia mlangoni kumfukuza mkewe, mtazamaji alikwisha kulisoma hilo, anamtazama macho.

Hapo ndipo Fawad Khan alipopata nafasi yake. Tamthilia hizi hupigwa kwenye nyumba halisi za Karachi zilizokodiwa, vyumba vya kawaida vyenye dari ya kawaida, kamera ikiwa karibu na uso. Sauti ikipanda kidogo inakuwa kelele. Yeye ana sauti ya chini, anajua kunyamaza, na anaweza kumsikiliza mwenzake kwa uso bila kufanya chochote. Hilo ni gumu kuliko kulia. Wanafunzi wangu wote wanataka kulia. Wachache wanataka kusikiliza.

Humsafar ilikuwa na sehemu 23, ikaisha Machi 2012. Mahira Khan akiwa Khirad, Fawad akiwa Asher, mwongozaji Sarmad Khoosat. Ukiniuliza mimi, Asher ni mume dhaifu: anaamini njama ya mama yake, anamtupa mke asiye na kosa, na watazamaji walimsamehe upesi mno kwa sababu ya sura ya aliyemwigiza. Zaroon wa Zindagi Gulzar Hai ni kazi bora zaidi. Huyu ni kijana wa kitajiri anayejiruhusu kila kitu na kuwabana dada yake na mchumba wake, na Fawad hakumtafutia huruma kabla ya wakati. Alimwacha awe wa kuudhi sehemu baada ya sehemu, akabadilika polepole. Sehemu zote ni 26, kutoka Novemba 2012 hadi Mei 2013, kisha basi. Hakuna msimu wa pili, hakuna mtoto wa Zaroon aliyepotea na kurudi na sura mpya.

Na hapa, dada yangu, nikupe silaha. Muulize binti yako Kashaf anafanya nini katika tamthilia hiyo. Kashaf ni binti wa mwalimu ambaye mumewe alioa mke mwingine kwa kukosa mtoto wa kiume. Anasoma kwa ufadhili, anahesabu nauli, na anapanda kwa mtihani wa utumishi wa umma. Hadithi nzima imesimama juu ya msichana asiyeacha kitabu. Mimi siwezi kudai kwamba hadithi ya kubuni ni ushahidi wa jambo lolote, lakini binti yako ndiye aliyeileta mezani.

La kufukuzwa India nalo linahitaji kunyooshwa, maana linasemwa kana kwamba mtu huyu alifanya kosa. Juni 2014 kulizinduliwa India chaneli iitwayo Zindagi, iliyoonyesha tamthilia za Pakistan, na Wahindi wengi wakamjua Zaroon kwa njia hiyo. Septemba mwaka huohuo ikatoka filamu yake ya kwanza ya Kihindi, Khoobsurat, akiwa na Sonam Kapoor, na mapema 2015 akapewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji mpya wa kiume. Mwaka 2016 akaonekana katika Kapoor & Sons, na wengi tuliona mlango umefunguka wote. Tarehe 18 Septemba 2016 kambi ya jeshi la India huko Uri, Kashmir, ikashambuliwa. Ndani ya siku chache chama cha watayarishaji wa filamu wa India kikapitisha azimio la kutowaajiri Wapakistani, chaneli ya Zindagi ikaondoa tamthilia zao, na filamu Ae Dil Hai Mushkil, ambamo yeye alikuwa na nafasi ndogo, ikatoka Oktoba baada ya vitisho vya wanasiasa. Halikuwa jambo lake binafsi. Iliwakumba waimbaji, waigizaji, wote. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Bombay ililitupa ombi la kutaka wasanii wa Pakistan wapigwe marufuku kisheria, na Mahakama ya Juu ikakataa kulifufua. Akaigiza tena filamu ya Kihindi, Abir Gulaal. Ilipangwa kutoka Mei 2025; mauaji ya Pahalgam, huko Kashmir, yakatokea Aprili, ikazuiwa India, ikaishia kuonyeshwa nje ya nchi hiyo mwezi Septemba.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linamhusu binti yako kuliko anavyodhani. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa katika kazi hii, na mpaka wa nchi ukamfungia soko lake kubwa kwa sababu ya risasi asiyoifyatua. Mumeo ana haki ya kuogopa hilo. Ila aseme hivyo, asiseme alifukuzwa.

Baada ya hapo mtu huyu hakukaa bure. Oktoba 2022 ilitoka The Legend of Maula Jatt ya Bilal Lashari, kwa Kipunjabi na si Kiurdu, ikawa filamu ya Pakistan iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia. Mwaka huohuo alionekana kwenye Ms. Marvel, mfululizo wa Wamarekani, tena katika hadithi ya 1947, kana kwamba Dastaan imemfuata hadi huko. Mwaka 2024 akarudi kwenye mfululizo mfupi wa sehemu sita, Barzakh, pamoja na Sanam Saeed aliyekuwa Kashaf; uliwaudhi watazamaji wengi wa nyumbani hata ukaondolewa YouTube nchini Pakistan. Tamthilia ya kawaida ya kila wiki hajaifanya tangu 2013. Tamthilia zenyewe nazo zimebadilika. Nyingi zimevutwa zikawa ndefu, kwa sababu kila sehemu inayowekwa mtandaoni ni matangazo ya biashara zaidi, na hadithi za mama mkwe na kofi zimejaa. Binti yako akienda leo hataikuta ile Hum TV ya 2012.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Mwigizaji wa tamthilia hizi analipwa kwa mkataba wa kazi moja, na kazi ikiisha mshahara umeisha. Waigizaji wa Karachi wamelalamika hadharani kwamba malipo huchelewa kwa miezi, na kwamba tamthilia ikirudiwa au ikitazamwa na mamilioni mtandaoni wao hawapati mrabaha. Utajiri wa wachache unatokana na filamu na matangazo ya biashara. Kwa hiyo kauli ya mumeo kwamba si kazi haina ukweli, lakini angesema si ajira nisingembishia.

Sasa ule upande wa pili wa kisukari. Kwa Maula Jatt, Fawad Khan alitakiwa awe na mwili wa pahalwani, yaani mpiga mieleka. Alijijaza kutoka kilo 75 hivi hadi karibu 100 kwa muda mfupi. Ameeleza mwenyewe katika mahojiano kwamba siku chache baada ya kuanza alilazwa hospitali, figo zikiwa zimeacha kufanya kazi, na ilimchukua miezi kupona. Amesema si jambo la busara na hatalirudia. Mtu mwenye jina, fedha na madaktari wa kumzunguka aliponea chupuchupu. Msichana wa miaka 18 anayepewa nafasi ya kwanza atamwambia prodyuza gani kwamba saa ya chakula imepita?

Maana kazi ya kamera ina tabia zinazogombana na insulini. Unaitwa alfajiri, unavaa na kupakwa, kisha unangoja kwa muda wa saa tano bila kujua utaitwa lini. Chakula kinakuja umeme ukirudi au mwongozaji akiridhika. Usiku wa manane unapigwa picha ya kukimbia, na sukari inashuka wakati kila mtu anadhani unaigiza kuzimia. Hakuna lolote kati ya hayo linalomzuia mwenye kisukari asiigize. Waigizaji wenye hali hiyo wapo na wanafanya kazi. Lakini lazima aseme. Kikosi kizima cha upigaji picha kijue, mtu mmoja ajue kupima sukari na kumpa kitu kitamu, na insulini iwekwe mahali pa baridi badala ya kuachwa kwenye gari juani. Binti anayeona haya kuchoma sindano mbele ya wenzake shuleni hayuko tayari kwa lokesheni, na hilo unaweza kulitazama kuanzia leo.

Mimi ni mwalimu wa uigizaji, si daktari, kwa hiyo hapa naishia pale ninapopajua. Mambo mawili ya kumpeleka kwa daktari wake ana kwa ana, si kuniandikia mimi wala kutafuta mtandaoni. La kwanza: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, au pumzi yenye harufu kama ya matunda. Hiyo ni dharura, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ana mtihani. La pili ni la siri zaidi, na nalisema kwa sababu nimewaona wasichana wanaotaka kamera wakihangaika na uzito wao. Wapo wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaogundua kwamba wakiruka dozi ya insulini wanakonda, wakaanza kufanya hivyo kwa makusudi. Ni hatari kubwa mno, inaharibu macho na figo, na inaweza kuua kwa siku chache. Ukiona anapungua, sukari inapanda bila sababu, anajifungia na vifaa vyake na hataki uone vipimo, usimfokee. Mpeleke kliniki ya kisukari, na uombe pia aonane na mshauri wa afya ya akili, kwani huwa ni maradhi mawili kwa pamoja.

Basi umjibu nini? Sikushauri umwambie hapana. Hapana tupu kwa msichana wa umri huo ni kumfungia begi. Sikushauri pia umpeleke Karachi mwakani. Pakistan ina shule za kweli: Karachi kuna Chuo cha Taifa cha Sanaa za Maonyesho, NAPA, kilichoanzishwa mwaka 2005 na kuongozwa kwa miaka mingi na marehemu Zia Mohyeddin, na Lahore kuna Chuo cha Taifa cha Sanaa chenye idara ya filamu na televisheni. Vyote vinataka mtu aliyemaliza masomo ya sekondari. Hilo peke yake linatosha kumrudisha darasani bila wewe kuonekana adui.

Kisha kuna Kiurdu chenyewe. Kiurdu alichookota kwa marafiki kinatosha kucheka na kununua nguo sokoni. Cha jukwaani ni kingine: watu wa fani hiyo ni wakali mno juu ya matamshi, na watazamaji wanamsikia mgeni kwa neno moja tu. Mwambie atafute mwalimu wa kumsomesha maandishi na ushairi wao kwa mwaka mzima. Akichoka kwa mwezi, umepata jibu bila kulipa tiketi. Akiendelea, nalo ni jibu.

Njia ambayo mimi ningeipima kwanza iko karibu zaidi na nyumbani. Mwanao ana Kiswahili cha Unguja, Kiarabu cha Muscat, Kiurdu na bila shaka Kiingereza. Tanzania sasa ina tamthilia zake, kama Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, na Azam TV imekuwa ikiwaajiri watu wa kuziingizia sauti za Kiswahili tamthilia za nje. Kuingiza sauti ni kazi ya uigizaji iliyo kamili: unafuata pumzi na midomo ya mtu mwingine, unakaa ndani ya chumba chenye kipoza hewa, unajua saa ya kuingia na ya kutoka, na sindano unachoma bila mtu kukukodolea. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa hizi kwa shahada. Umaarufu wa huko ni mdogo kuliko wa Fawad Khan, sikufichi. Lakini lugha ni yake, na hakuna atakayemwambia matamshi yako si ya kwetu.

Mkifika mahali mkakubaliana aende Karachi kutazama tu, wakati wa likizo, aende na mtu mzima wa familia, na asilipe hata senti kwa wakala anayeahidi nafasi ya kuigiza; mwenye nafasi ya kweli hamlipishi mwigizaji. Kabla ya safari aonane na daktari wake kuhusu dozi wakati saa za kula zikivurugika. Aandikiwe barua ya Kiingereza yenye majina ya dawa zake, abebe akiba ya kutosha kwa siku za ziada, na insulini yote ikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu kwenye mzigo wa ndege inaweza kuganda.